Maradhi ya Akili na Wajibu Wetu kwa Wenzetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Isongole)



Twashukuru kupewa nafasi ya kusimama mbele yenu jioni hii, ijapokuwa ukungu umekwisha shuka na wengine wenu mna mwendo mrefu wa kurudi nyumbani. Halmashauri ilitutaka tuseme juu ya maradhi ya akili. Huenda baadhi yenu mlitazamia hotuba ya mishahara au ya nyumba za watumishi, kama ilivyo desturi yetu. Lakini jambo hili nalo ni la kazi, tena ni la kazi kuliko tudhanivyo. Sisi si madaktari. Tu makarani, na elimu yetu ni ile ya kusoma vitabu na kutazama watu. Basi tutasema tuliyoyasoma na tuliyoyaona.

Sababu ya kuchagua habari hii mwaijua. Mwenzetu mmoja, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa, alikaa miezi minne katika hospitali ya Mirembe, Dodoma, na sasa amerudi. Daktari amempa cheti kwamba aweza kufanya kazi. Ameketi tena kwenye meza yake, na mwandiko wake ni safi kama zamani. Lakini tangu arudi, kikombe chake cha chai kimewekwa mbali na vikombe vingine. Akicheka, watu hutazamana. Akinyamaza, watu hutazamana vilevile. Mwezi uliopita aliomba kushika zamu ya sanduku la fedha kama alivyokuwa akishika, akajibiwa kwamba angoje kwanza. Hakuambiwa angoje nini. Mtu akirudi kutoka hospitali baada ya homa ya matumbo, twamchinjia kuku. Huyu tumempokea kwa macho ya pembeni. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kuyasema haya, naye ameomba tusiyapunguze.

Na tuanze na neno lenyewe. Lugha yetu yasema mtu "ana wazimu", na neno hili ni ndugu wa "mzimu", yaani pepo wa wafu. Hivyo tangu utotoni tumefundishwa, bila ya mwalimu kutamka, kwamba mgonjwa wa akili ameingiwa na kitu, na kwamba kitu hicho chaweza kutoka kwake na kuja kwetu. Hapana shaka ndiyo maana ya kile kikombe kutengwa. Lakini maradhi ya akili hayaambukizi kwa kikombe, wala kwa mkono, wala kwa kuketi benchi moja.

Tena si maradhi ya namna moja. Yako ambayo mtu husikia sauti pasipo msemaji, au huamini kwamba majirani wamefanya shauri la kumwua. Yako ambayo mtu hupanda juu sana, halali, hugawa mali yake na kusema upesi upesi, kisha baada ya majuma hushuka chini asiweze hata kuoga. Yako ya hofu, ambayo moyo humwenda mbio mtu aliyeketi salama. Yako ya uzee, ambayo babu husahau njia ya shamba alilolilima miaka 50. Na yako yale ya huzuni nzito, ambayo siku hizi wataalamu huyaita sonona, na hayo ni mengi kati yetu na mara nyingi hufichwa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2019 watu karibu milioni 970, yaani mtu 1 katika kila watu 8 duniani, walikuwa na ugonjwa wa akili wa namna fulani. Hesabuni wenyewe mlioketi humu.

Ni lazima pia tutenge mambo mawili. Mtu akipayukapayuka ghafula huku mwili wake una moto, huenda ni malaria iliyopanda kichwani, naye apaswa kupelekwa hospitali saa ileile, si kesho, wala si kwanza kwa mpiga ramli. Na kifafa si wazimu. Katika nchi ya Mahenge, Wapogoro walikuwa wakiwatenga wenye kifafa wasile pamoja na wenzao, na wengi waliungua motoni kwa kuanguka jikoni peke yao. Daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianza kliniki ya kifafa huko mwaka 1960, akatumia vidonge vya bei ndogo, na watu waliohesabiwa kuwa wamekwisha laaniwa wakarudi shambani. Dawa ilikuwapo tangu zamani. Kilichokosekana ni mtu wa kuwapelekea.

Sasa tuje hapa kwetu Rungwe. Wako watu wanaodhani kwamba habari za afya ya akili zimeletwa juzi kwa magari ya semina. Si kweli. Kati ya mwaka 1934 na 1938 walikuja huku mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, kuzisoma desturi za Wanyakyusa, na msaidizi wao mkubwa katika kazi hiyo alikuwa mtu wa huku huku, Leonard Mwaisumo. Bibi Wilson aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1957 kwamba wazee walikuwa na maneno makali juu ya matanga: jamaa ya marehemu wasipofanyiwa mambo ya msiba kwa ukamilifu, wataingiwa na wazimu. Katika mambo hayo waliofiwa walifagiliwa takataka, kwa kuwa mwenye wazimu ndiye akaaye katikati ya takataka. Aliyefanyiwa leo kwa makusudi hatakuja kufanya kesho bila ya kujua.

Hatusemi turudie kufagiliana takataka. Wake zetu wasingekubali. Lakini tazameni akili iliyokuwamo. Wazee walijua kwamba msiba usiopewa nafasi yake humla mtu kutoka ndani. Walimlazimisha mfiwa autazame uso wa kifo mbele ya watu wote, alie, acheze, achoke, kisha wakamwondoa katika msiba kwa mkono na kumrudisha katika maisha. Sisi leo twapewa siku chache za ruhusa, twapanda basi usiku, twazika, twarudi na kufungua jalada palipokuwa na alama. Mkubwa akiuliza, "Hujambo?" twajibu, "Sijambo, Bwana." Na baada ya mwaka mmoja mtu haelewi kwa nini hasinzii usiku.

Jambo la pili walilolisifu sana ni lile Wanyakyusa waliitalo ukwangala. Nalo ni zaidi ya kuzungumza. Ni furaha ya kukaa pamoja na wa rika moja, kula pamoja, kunywa pamoja, kubishana bila ya kuogopana, na kujifunza adabu kwa wenzako. Zamani vijana wa umri mmoja walijenga kijiji chao wakakaa pamoja mpaka uzee, na Bibi Wilson alikitolea jambo hilo kitabu kizima mwaka 1951. Mtu mwenye kula peke yake na kunyamaza peke yake alitiliwa shaka, na labda ubaya wa desturi hiyo ulikuwa hapo, kwa maana mpole naye aliweza kudhaniwa mchawi. Lakini uzuri wake ni kwamba mtu hakuweza kuzama kwa muda wa miezi mitatu bila ya wenzake kujua.

Mwenzetu karani hana rika. Leo yuko Isongole, mwakani ahamishwa Mpanda, mke abaki na watoto kwa ajili ya shule. Jioni afunga mlango. Ndiyo maana makarani wa Tanga walipoanzisha chama chao mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa mbele yao, hawakuanzisha mahali pa kuandika malalamiko tu. Walitaka mahali pa kukutana.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo haisimuliwi mara nyingi, nasi twaona yafaa isemwe hapa kwa heshima. Huyu Godfrey Wilson alikuwa mwana wa mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, John Dover Wilson, msomi wa vitabu vya Shakespeare. Alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi kubwa ya uchunguzi huko Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa na elimu, mke mwenye akili, na watoto wawili wa kiume. Naye aliugua maradhi ya huzuni. Aliiacha kazi ile mwaka 1941, akaingia katika jeshi la Afrika ya Kusini wakati wa Vita vya Pili, na mwaka 1944 akajiua. Mtu aliyeusoma ukwangala wetu kuliko mgeni mwingine yeyote alikufa kwa kukosa pumzi ya moyo. Mkewe aliishi hadi mwaka 1982, na vitabu vile vya Wanyakyusa aliviandika yeye, akiwa mjane, kwa maandishi waliyokusanya pamoja. Twalisimulia hili kwa wale wasemao kwamba maradhi haya ni ya wavivu, au ya wasiosoma, au ya wasio na imani.

Na wako waliosema kinyume, kwamba ni maradhi ya Wazungu tu. Daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938, aliandika kwamba huzuni ya ugonjwa ni adimu kwa Mwafrika. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1953 na Shirika la Afya Duniani lenyewe, na humo aliifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Tafadhali msicheke. Kosa lake ni rahisi kulitambua kwa karani yeyote: alihesabu waliofikishwa hospitalini. Na waliofikishwa hospitalini walikuwa wale waliopigana sokoni au waliotembea uchi. Nani alimfunga kamba mama mnyamavu anayelia kondeni na kumpeleka Mathari? Mwaka 1979 Orley na Wing walitoa uchunguzi wao wa vijiji viwili vya Uganda, ambako walikwenda nyumba kwa nyumba kwa maswali yaleyale yaliyoulizwa katika mtaa mmoja wa London. Waliona huzuni ya ugonjwa ni nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko London. Daftari likiandikwa mahali pabaya, jumla hutoka mbaya.

Juu ya hospitali tutasema kwa ufupi. Nyumba ya kwanza ya wagonjwa hawa katika nchi yetu ilikuwa Lutindi, katika milima ya Usambara. Wamisionari Wajerumani waliijenga mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hata leo ipo, na wagonjwa hufanya kazi za mikono na za shamba kama sehemu ya tiba. Mathari ilifunguliwa mwaka 1910, Mirembe mwaka 1927. Zamani hizo hapakuwa na dawa ya kutosha. Kazi ya nyumba hizo ilikuwa zaidi kuwafungia watu kuliko kuwaponya, na hofu ya wazazi wetu ilitoka huko, nao hawakukosea kuogopa. Lakini mwaka 1952 huko Paris madaktari walianza kutumia dawa iitwayo kloropromazini, ya kwanza iliyonyamazisha zile sauti bila ya kumlaza mtu kama gogo, na baada yake zimekuja nyingine nyingi. Tangu mwaka 1969 nchi yetu ilianzisha vijiji vya kilimo ambako wagonjwa waliopata nafuu walilima na kukaa karibu na jamaa zao, na huko Nigeria Daktari Lambo alikuwa amekwisha onyesha tangu mwaka 1954, katika kijiji cha Aro, kwamba mgonjwa hupona vizuri zaidi akikaa katikati ya watu. Sheria yetu ya Afya ya Akili ni ya mwaka 2008. Anayesema leo kwamba kwenda Mirembe ni kuzikwa hai asema habari za babu yake.

Twende kwenye maisha ya kila siku, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu mtakapotuuliza maswali.

Mtu ajuaje kwamba huzuni yake imekuwa ugonjwa? Madaktari hutazama muda na uzito. Kila mtu huhuzunika. Lakini huzuni ikikaa karibu kila siku kwa muda wa majuma mawili au zaidi, na pamoja nayo usingizi ukaharibika, chakula kikapoteza ladha, mpira au kwaya uliyoipenda ikawa mzigo, akili ikashindwa kujumlisha safu ya tarakimu ambazo zamani ulizijumlisha ukiongea, na ukajiona hufai kitu, basi nenda hospitali. Kwetu Waafrika mara nyingi ugonjwa huu huvaa nguo za mwili: kichwa kuuma, mgongo kuwaka, moyo kupiga, uchovu usioisha. Mtu hupimwa malaria mara tano, naye hana malaria. Mwambie mganga wako habari za usingizi na za moyo pia. Asipojua hawezi kukusaidia.

Katika ofisi, dalili huonekana katika kazi kabla ya kuonekana usoni. Aliyekuwa hodari wa kuwahi huchelewa. Barua hukaa kapuni. Mtu mpole hugombana na tarishi kwa jambo la gundi. Mkubwa wa kazi huandika onyo, kisha la pili, kisha la tatu, na kila onyo lamsukuma chini zaidi. Twasema waziwazi kwamba katika majalada tuliyopata kuyaona yamo maonyo ambayo yangefaa kuwa barua za kumpeleka mtu kwa daktari.

Madeni pia yana sehemu kubwa. Karani ndiye benki ya ukoo: ada ya mtoto wa kaka, bati la nyumba ya mama, mchango wa arusi, mchango wa msiba, na mkopo aliochukua ili kulipa mkopo. Hakuna dawa ya hospitali ya kuondoa deni, lakini kulitaja kwa mtu mmoja mwaminifu hulipunguzia uzito wake wa usiku. Na pombe, Mabwana. Hatukuja kuhubiri; wote twajua kwamba kimpumu katikati ya wazee ni sehemu ya ukwangala. Lakini mtu anayekunywa ili apate usingizi amekwisha geuza pombe kuwa dawa, nayo ni dawa mbaya, kwa kuwa humwamsha saa tisa usiku akiwa na huzuni mara mbili. Aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafula peke yake chumbani. Aende kwa daktari, kwa maana kuacha ghafula kwaweza kuleta kifafa na hata kifo. Bangi nayo kwa kijana ambaye ukoo wake una maradhi haya ni kama kuchezea kiberiti katika ghala la pareto.

Yako mambo ya kujitunza ambayo hayana gharama. Kulala saa zilezile. Kutembea kwa miguu kwenda na kurudi, na hapa kwetu miinuko haikosekani. Kula na watu. Kuwa na kitu kimoja cha kufanya ambacho si cha ofisi, hata kama ni tuta la viazi. Haya hayamponyi aliyekwisha kuugua sana, na ni ukatili kumwambia mgonjwa kwamba angetembea tu angepona. Lakini humsaidia aliye njiani kuingia, na humsaidia aliye njiani kutoka.

Pengine mtauliza, mtu asemeje na mwenziwe? Huko Zimbabwe Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kazi ambayo twaipenda sana. Hakuwa na madaktari wa kutosha wala vyumba, basi aliwafundisha wanawake wazee wa mitaa ya Harare kuketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Mabibi hawa hawakutumia neno gumu la kitabu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Waliuliza, wakasikiliza, wakamsaidia mtu kuchagua tatizo moja na kulitafutia njia. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi yalitangazwa: baada ya miezi sita walioketi kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi tunalo. Mabibi wenye busara tunao.

Basi usianze na mawaidha. Usimwambie "jikaze", wala "wengine wana shida kuliko wewe". Muulize amelalaje, kisha nyamaza, hata kimya kikikaa kirefu. Na ukiogopa kwamba amekata tamaa ya kuishi, muulize kwa maneno ya wazi kama anafikiri kujiua. Wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo. Wataalamu wamechunguza, nao wasema halimtii wazo, bali mara nyingi humpa pumzi kwa kuwa hatimaye mtu amelitaja. Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa dawa za shamba na kamba karibu naye, wapigie jamaa zake, na umpeleke Makandana au Mbeya siku ileile. Mchungaji na aje, dua zisomwe, hayo ni mema. Lakini yasichukue nafasi ya gari.

Twarudi kwa mwenzetu. Dawa zake hazipaswi kukatika. Mara nyingi mgonjwa hurudi hospitali si kwa sababu maradhi yameshinda, bali kwa sababu alijiona mzima akaacha vidonge, au alikosa nauli, au aliona haya kuomba ruhusa kila mwezi mbele ya karani mwenziwe anayecheka. Mambo haya matatu yote twayaweza sisi wenyewe, bila ya kungoja Serikali. Kwa hiyo Halmashauri imeweka hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba Mfuko wa Wagonjwa, ambao mpaka sasa umelipa nauli za wenye maradhi ya mwili tu, ulipe pia nauli ya mwanachama aendaye kuchukua dawa za akili, na kwamba wanachama wawili wamzuru kila mwezi aliye nyumbani au hospitalini, kama twafanyavyo kwa aliyevunjika mguu. Ya pili ni kwamba tumwandikie mkuu wa ofisi, kwa adabu na kwa jina la chama, tukiambatanisha cheti cha daktari kwa idhini ya mwenyewe, kuomba mwenzetu arudishiwe zamu ya sanduku la fedha kuanzia mwezi ujao, au tupewe sababu kwa maandishi.

Hoja zote mbili zimo katika karatasi mliyopewa mlangoni. Mwandishi atazisoma baada ya chai, kisha kura zitapigwa kwa kuinua mikono.